Bosi amekataa kunilipia konfarensi ya mavalua, nijilipie ama niachane nayo?

Swali: Habari mkuu. Niko na miaka 27, nafanya kazi kwa ofisi moja ya mavalua, wale wa kukadiria thamani ya ardhi na majengo, hapa town, huu ni mwaka wa nne. Bado sijasajiliwa, saiti naenda mimi, ripoti naandika mimi, bosi anapitia anasaini. Kuna konfarensi ya siku tatu Mombasa nilitaka kwenda, bosi akacheka akasema hiyo ni holidei ya kuvaa tai, ofisi hailipii. Nina akiba kidogo na imenitoa jasho. Nijilipie, ama hiyo pesa niiweke kwa kozi fupi? Halafu mimi si mtu wa kuongea na watu nisiowajua, naogopa nitakaa kona na simu yangu siku zote tatu. Msomaji, Donholm.

Jibu: Dadangu, huyo bosi wako amenichekesha lakini hajadanganya sana. Hiyo holidei ya kuvaa tai naijua, nimeienda. Mara yangu ya kwanza nilikuwa karibu umri wako, ofisi ilinilipia kila kitu, nikakaa nyuma kabisa karibu na mlango, nikapewa begi ya kitambaa na kalamu na kitabu cha ratiba, nikangoja mgeni wa heshima ambaye alichelewa karibu saa moja na nusu, lanchi nikala na wale wale wawili tuliotoka nao ofisini, jioni tukaenda bichi, na Jumatatu nilipoulizwa nimejifunza nini nikasema ilikuwa poa sana, halafu nikanyamaza kwa sababu hapo ndipo maneno yaliniishia. Ile begi ndio ilidumu. Mke wangu aliibebea mboga miaka miwili.

Kwa hivyo kabla nikujibu ujilipie ama usijilipie, nijibu langu kwanza: saa hii kwa meza yako kuna kazi gani umekwama? Sio kazi nyingi, kukwama. Faili ambayo umeiandika ukaifuta, namba umeweka lakini moyoni unajua ukiulizwa umeitoa wapi utababaika. Kama iko, endelea kusoma. Kama haiko, ama huikumbuki, weka pesa yako benki mwaka huu, konfarensi zitakuja zingine.

Nauliza hivyo kwa sababu ya venye hii kazi yetu iko hapa kwetu. Unajua vizuri valua anakula kwa mauzo ya kulinganisha, yaani bei ambazo mali kama hiyo zimeuzwa karibu hapo, sasa niambie wewe mwenyewe unayatoa wapi. Bei iliyoandikwa kwa transfa, ile karatasi ya kuhamisha umiliki? Stampu diuti, ushuru wa kuihamisha, ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani, na kila mtu anajua kuna watu wanashusha bei kwa makaratasi ili walipe kidogo, so ukiamini ile namba bila kuuliza umekwisha. Bei za websaiti? Hizo ni ndoto za muuzaji, nyumba ya Kileleshwa inakaa pale mwaka mzima na bei ile ile na hakuna mtu amewahi kuilipa. Ardhisasa, ule mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, ilipozinduliwa Aprili 2021 tulifurahi, na kweli ukifanya serchi utajua mwenyewe ni nani na kama kuna chaji ya benki, yaani imewekwa dhamana ya mkopo, lakini alilipa ngapi kwa ile shamba serchi haikuambii. Kwa hivyo data yetu kubwa iko wapi? Iko kwa simu za watu. Iko kwa yule valua wa Nakuru ambaye alifanya plot mbili barabara hiyo hiyo mwezi jana, iko kwa ajenti wa Ruaka anayejua zile fleti ziliuzwa ngapi baada ya kubembelezana, iko kwa wakili aliyeshika pesa. Sasa swali linabaki, wewe ukipiga hiyo simu itashikwa? Mtu hakupi bei ya kweli kwa sababu umejitambulisha vizuri, anakupa kwa sababu anakujua, ama anamjua anayekujua.

Hicho ndicho unaenda kununua Mombasa. Slaidi utatumiwa kwa imeli ukiomba.

Nikupe mfano wangu ndio tuelewane. Miaka kadhaa baada ya ile safari ya begi, benki ilitupa kazi ya petroli stesheni, iko nje ya mji kwa barabara kuu, na mimi ndio nilipewa. Nikaifanya venye nilikuwa nafanya godauni: thamani ya ardhi, jengo, kanopi, pampu, nikatoa uchakavu, nikajumlisha. Namba ikatoka lakini ikakaa vibaya, ilikuwa chini sana ukilinganisha na venye magari yalikuwa yanapanga laini pale. Bosi akaniuliza, hiyo stesheni inauza lita ngapi kwa mwezi? Sikuwa hata nimeuliza. Bahati nzuri wiki iliyofuata kulikuwa na konfarensi, nikaenda na hilo swali moja tu kichwani, na siku ya kwanza nikasikia mzee mmoja kutoka Rift Valley akimbana mzungumzaji na maswali makali juu ya mali za biashara, hoteli na stesheni na kadhalika. Chai ya saa nne nikamfuata. Nikamwambia ukweli, mzee mimi nimekwama na stesheni.

Yule mzee alinifundisha dakika ishirini, amesimama na kikombe mkononi, vitu ambavyo sikuvipata kwa miaka minne ya chuo. Kwamba bei ya pampu inapangwa na serikali kila mwezi, wakati huo mdhibiti akiitwa ERC na siku hizi ni EPRA, kwa hivyo mwenye stesheni hawezi kujiongezea faida kwa lita venye anataka, kinachotenganisha stesheni nzuri na mbaya ni lita. Kwamba nisiamini lita nitakazoambiwa kwa mdomo, niitishe karatasi za kuletewa mafuta za mwaka mzima nilinganishe na usomaji wa mita, petroli kando, dizeli kando. Kwamba niulize matangi yaliyo chini ni ya nani, kwa sababu mara nyingi ardhi ni ya mtu na matangi na pampu ni za kampuni ya mafuta, na mimi nilikuwa nimeshayahesabu yote kama ya mwenye ardhi! Niangalie duka, car wash, mahali pa tairi, kodi za hao zinaingia kwa nani. Halafu akaniuliza kitu cha mwisho, barabara ina ukuta katikati ama haina. Sikuelewa. Akasema siku wakiipanua waweke ukuta, magari ya upande ule mwingine hayawezi kugeuka yaingie, unabaki na wateja wa upande mmoja, na hiyo haiko kwa kitabu chochote cha hesabu cha mwenye stesheni.

Nilirudi nikafanya upya kwa njia ya mapato, yaani thamani itoke kwa pesa ambayo stesheni inaingiza. Namba ilibadilika sana, na nilipoulizwa na benki nilikuwa na jibu la kila mstari. Huyo mzee tunapigiana simu mpaka leo, na siku hizi yeye ndiye anapiga zaidi, mara anataka kodi za Kilimani, mara anauliza ofisi za Upper Hill zinakaa tupu muda gani.

Haya, hilo la kutojua kuongea. Wewe unafikiri kwa konfarensi kuna watu wanaongea na wewe unaenda kuwaomba. Hapana. Nusu ya wale watu wamekaa na simu zao kona kama venye wewe unaogopa kukaa, na wengine wametoka Busia ama Garissa na wako na faili ya mteja aliyenunua fleti Embakasi na hawajui pa kuanzia. Wewe unakaa Donholm. Unajua bedsita inalipiwa ngapi huko, unajua fleti gani maji hayapandi juu na wapangaji wanahama kila miezi mitatu, unajua tofauti ya kodi kati ya jengo lililo karibu na stegi na lile la ndani. Hiyo ni mali. Usiende kama mtu wa kuomba, enda na vitu vyako vya kutoa, andika kabla hujaondoka kodi na bei za mitaa mitatu unayoijua vizuri kuliko mtu yeyote.

Ila hapo chunga mdomo. Jina la mteja, namba ya taitodidi, benki gani ilitaka ripoti, hayo hayatoki, hata kama mtu amekununulia lanchi. Sema eneo, ukubwa, mwezi, bei kwa ekari ama kwa mita mraba, basi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kuna maadili ya kazi, na zaidi ya yote kuna ukweli kwamba mtu akikusikia ukimwaga siri za mteja wako leo hatakupa zake kesho.

Na kuna ujanja mmoja kwa watu wapole, huu naupenda: waandikie waandaaji mapema uwaulize kama wanahitaji mtu wa kusaidia meza ya usajili. Mara nyingi wanahitaji. Ukiwa pale huhitaji kujitambulisha kwa mtu, kila mtu anakuja kwako kuchukua beji, unaona jina na mahali anatoka, na jioni ukimkuta kwa laini ya chakula yeye ndiye anakusalimia. Kama hilo haliwezekani basi sheria yako iwe hii: usikae na mtu unayemjua wakati wa kula, na usimkimbilie mzungumzaji mkuu, huyo anazungukwa na watu hamsini na hatakumbuka jina lako. Mfuate yule aliyeuliza swali zuri kutoka kwa viti. Halafu usiku huo huo mtumie meseji, na isiwe "nice meeting you" ile ya kila mtu, mwandikie kitu mlichoongea, mzee asante kwa ile ya matangi nitaifanyia kazi. Watu watano hivyo kwa siku tatu wanatosha kabisa. Mimi nimeona watu wakirudi na kadi sitini zimefungwa na raba na hawajapigia hata moja.

Mada gani ukae na gani utoroke. Hapa nitasema maoni yangu, wengine watakataa. Zile za kufungua na za wadhamini kuuza programu zao, toroka. Lakini kuna mbili ningekaa mstari wa mbele ningekuwa na miaka 27. Ya kwanza ni reti za kaunti, ile kodi ya kila mwaka ya mwenye ardhi. Kumbuka Nairobi ilikaa na roli ya thamani, ile orodha ya thamani ya kila plot, ya 1982 miaka na miaka, mtu anamiliki plot ya mamilioni na analipa reti zilizopigwa kwa bei za enzi zile, sasa kuna Sheria ya Kitaifa ya Reti ya 2024 inayotaka roli ifanywe upya kila miaka 5. Hesabu mwenyewe, kaunti 47, na kazi yenyewe si ya kuingia nyumba moja moja na tepu, ni ya kuthamini mtaa mzima kwa pamoja, ramani, picha za setilaiti, kugawanya maeneo, modeli ya kompyuta halafu kwenda saiti kukagua. Wazee wengi kama mimi hiyo hatuijui vizuri na hatuna haraka ya kuijua. Wewe unayo nafasi.

Ya pili ni viwango vya kimataifa vya kazi ya uvalua, IVS. Toleo la sasa lilianza kutumika tarehe 31 Januari 2025 na limeongeza sura mbili zinazojitegemea, moja ya data na nyingine ya modeli. Usiende konfarensi kuelezwa mambo ya msingi ambayo ungesoma kwa matatu, isome kwanza, enda ukiwa na shida yako. Na shida iko: kile kiwango kinataka uoneshe data yako imetoka wapi na kwa nini umeona inafaa, na mimi nimekwambia hapo juu kwamba data yetu iko kwa simu za watu. Sasa utaandikaje kwa ripoti kwamba fulani aliniambia? Hapo ndipo pa kuwauliza wenye uzoefu, ofisi zao zinahifadhi vipi, wana fomu ya kujaza baada ya simu, wanaandika tarehe na cheo cha aliyewapa, wanatafuta chanzo cha pili ama wanaridhika na kimoja. Sisi kwetu tuna shiti ya Excel na hakuna mauzo yanayoingia mle bila vyanzo viwili, lakini nimeona ofisi zingine wanafanya vizuri kutushinda. Na kama mtu atakutisha kwamba kompyuta zitachukua kazi, mwambie IVS yenyewe inasema modeli peke yake, bila valua kuweka uamuzi wake wa kitaalamu, haiwezi kutoa thamani inayokubalika kwa kiwango hicho. Hiyo haimaanishi ulale, inamaanisha kazi yako ni ule uamuzi, kwa hivyo ujue kuutetea.

Mada za fidia za barabara na nyaya za stima ni nzuri kama ofisi yenu inafanya hizo kazi, kama haifanyi ruka.

Kitu kingine, konfarensi za ISK, chama cha masoroveya na mavalua Kenya, si za mavalua peke yao, kuna masoroveya wa ardhi pale, wa majengo, watu wa kusimamia mali. Kaa na soroveya wa ardhi hata mara moja. Mimi karibu niharibikiwe kule Kamulu, mteja alinipeleka kwa plot nzuri sana iko karibu na lami, imefensiwa, nikapiga picha, nikaandika, na ilikuwa ya jirani, yake ilikuwa nyuma kule kwa shimo. Sijui kama alijua ama naye alidanganywa na aliyemuuzia. Kilichoniokoa ni soroveya niliyekutana naye kwa meza ya chakula aliyekuwa ameniambia usitoke saiti bila kulinganisha umbo la plot na ramani ya rejista, hesabu kona, pima mbele, angalia majirani ni namba gani. Nilifanya hivyo nikiwa ofisini jioni, upana wa mbele ukakataa kulingana. Ripoti ingetoka hivyo benki ingekopesha pesa juu ya plot ya mtu mwingine, na sahihi ni ya bosi lakini jina lililochafuka lingekuwa langu.

Sasa kozi ama konfarensi. Nitakuwa mkali kidogo. Kama huwezi kukaa chini na Excel tupu ujenge hesabu ya mapato ya miaka kumi, ukaipunguza mpaka iwe thamani ya leo na kueleza kila safu, basi fanya kozi kwanza. Konfarensi haitakufundisha kitu chenye jibu moja sahihi, hayo ni ya darasani. Ile ya ramani za kompyuta pia ni ya kozi. Konfarensi ni ya yale ambayo jibu linategemea, yale mtu anasema mimi ningeangalia hiki kabla ya kile. Kwa mwaka wa nne naamini hesabu unazo, ndio maana nimeongea sana upande huu, lakini wewe ndio unajijua. Na kama unachofuata ni pointi za CPD tu, zile za mafunzo endelevu ya kazi, usiende Mombasa kabisa, pointi zinapatikana kwa warsha za siku moja hapa hapa Nairobi, unarudi kulala Donholm.

Gharama nitapita haraka. Jiandikishe mapema bei ikiwa chini, uliza kama kuna bei ya wanachama wachanga, usilale kwa hoteli ya konfarensi, tafuteni watatu mkodi nyumba. Treni kutoka Syokimau daraja la kawaida ni 1,500 tangu bei zipande Januari 2024, na kwa mtu wa Donholm Syokimau si mbali. Kama jumla inakula akiba yako yote, acha. Nusu, fikiria. Robo, enda.

Na bosi. Ulikosea kidogo venye ulimuomba, ulimuomba pesa ya kwenda mahali, na yeye akaona bahari. Mrudie umwombe siku tatu peke yake, sio pesa, na umpe ile faili iliyokukwamisha, mwambie mkuu hii ya fulani nimekwama hapa na hapa, kule kutakuwa na watu wamefanya kazi kama hii, nitarudi na njia ya kuimaliza na pia nitakuletea majina ya mavalua wawili wa kaunti ambazo hatuna mtu. Bosi wa ofisi ndogo anaelewa lugha hiyo vizuri sana kwa sababu kila wiki anapoteza kazi za mbali ama anatuma gari la ofisi Kisii kutafuta bei ambayo ingepatikana kwa simu moja. Akikataa hata siku, chukua kutoka kwa likizo yako. Ukirudi mwandikie ukurasa mmoja, ile shida ilitatuliwa vipi, namba za simu za wale watu, na mahali ripoti zenu hazitoshelezi ile sura ya data ya IVS. Uache kwa meza yake asubuhi kabla hajaingia, halafu usimuulize kama amesoma.

Ukienda niandikie ile faili ilikuwa ya nini, mimi pia nataka kujua.